Jinsi ya kupiga tizi la marathoni bila kushikwa na mafua kila mwezi

Msimu wa Kili Marathon kule Moshi ukikaribia swali ni lile lile, mbona nimeanza kukimbia ndo nimeanza kuumwa, si tuliambiwa mazoezi yanaongeza kinga? Na mbio zikiisha, wiki inayofuata ofisini waliovaa tisheti ya mashindano ndo hao hao wanaopiga chafya. Kuna atakayekwambia acha, mbio zinashusha kinga, na kuna atakayekwambia kimbia tu mafua yatatoka na jasho. Wa kwanza ana ukweli kidogo, wa pili hana kabisa, na huyo wa pili ndo wa kumuogopa zaidi, nitaeleza mbele huko. Ngoja kwanza nieleze mwilini kunatokea nini maana bila hapo mpango wa mazoezi utaufuata kama sala ya kukariri.

Ukianza kukimbia adrenalini inapanda, damu inakwenda kasi, na chembe nyeupe za damu, zile za kinga, zilizokuwa zimejibanza kwenye kuta za mishipa, kwenye wengu na kwenye mapafu zinamwagika kwenye mzunguko. Zile zinazowinda seli zilizoingiliwa na virusi zinaongezeka mara kadhaa ndani ya dakika chache tu. Ukisimama, baada ya saa moja au mbili zinashuka, tena zinashuka hadi chini ya pale zilipokuwa kabla hujafunga kamba za viatu, afu mpaka kesho yake hivi zimerudi kawaida. Hapo kwenye kushuka ndo ubishi wote ulipoanzia. Kwa miaka mingi wataalamu walisema baada ya mbio ngumu kuna kipindi cha saa chache hadi siku tatu ambacho mwili unabaki bila ulinzi na kirusi chochote kinachopita kinaingia. Mwaka 2018 John Campbell na James Turner wa Chuo Kikuu cha Bath kule Uingereza wakaandika kulipinga hilo, wakisema zile chembe hazijafa, zimehamia kwenye mapafu, utumbo na sehemu nyingine ambako vijidudu hupenda kuingilia. Kupima damu ukasema kinga imepungua ni kama kuhesabu askari waliobaki kituoni wakati wenzao wote wako doria.

Sasa mbona watu wanaumwa kweli? Maana wanaumwa, hilo halibishaniwi. Mwaka 1982 kule Cape Town kwenye Two Oceans, mbio za kilomita 56, watafiti waliwafuatilia wakimbiaji 150 na kuwalinganisha na watu wanaoishi nao nyumba moja ambao hawakukimbia, ndani ya wiki mbili asilimia 33 ya wakimbiaji walilalamika mafua na koo, wa nyumbani asilimia 15. Los Angeles Marathon ya 1987, mtafiti wa Marekani David Nieman aliwauliza wakimbiaji zaidi ya 2,300, waliokimbia siku ile asilimia 12.9 waliugua wiki iliyofuata, na waliokuwa wamejiandaa vilevile lakini hawakukimbia kwa sababu nyingine zisizo za kuumwa, asilimia 2.2 tu. Na waliokuwa wakichapa zaidi ya kilomita 96 kwa wiki waliugua karibu mara mbili ya wale wa chini ya kilomita 32.

Ukizisoma hizo namba haraka haraka unaweza kuuza viatu. Lakini angalia, watu walijaza fomu wenyewe, hakuna aliyewachukua kipimo cha pua. Mwaka 2007 watafiti wa Australia walipima wanamichezo wenye dalili za mafua na koo, wakapata kijidudu kwenye chini ya theluthi moja ya wagonjwa. Waliobaki koo linauma ndiyo, ila hakuna kilichoonekana. Ukikimbia kwa nguvu unavuta hewa zaidi ya lita 100 kwa dakika, na kwa mdomo, pua inayochuja vumbi umeiruka, koo linakauka, linachubuka, unaamka nalo limewaka. Na kwetu hapa unakimbia saa kumi na moja alfajiri barabara ya vumbi, pembeni mtu anachoma taka, mbele yako Fuso linatapika moshi mweusi. Hayo mafua mengine si mafua.

Na theluthi iliyobaki ambayo ni ugonjwa kweli? Fikiria mtu wa Dar anavyokwenda Moshi. Wiki nzima kazi, Ijumaa analala saa tano, Jumamosi basi zaidi ya kilomita 500 madirisha yamefungwa, usiku analala kwenye gesti walimojazana wanne na tumbo linasokota kwa wasiwasi, alfajiri anasimama katikati ya maelfu ya watu wanaokohoa na kutema mate, anakimbia saa mbili mpaka tano bila kula cha maana, afu siku hiyo hiyo anarudi na basi, Jumatatu kazini. Mtu huyo hata angekwenda kwenye harusi badala ya mbio angerudi na mafua! Mbio zina mchango wao, hasa zikiwa ndefu na ngumu kwa mtu ambaye hajajiandaa, ila mzigo mkubwa ni usingizi, njaa, safari, msongamano na kurukia kilomita nyingi kwa pupa. Na uzuri wake hivyo vyote viko mikononi mwako.

Upande wa pili nao una namba yake, Nieman huyo huyo mwaka 2011 alichapisha utafiti wa watu wazima 1,002 waliofuatiliwa wiki 12, waliofanya mazoezi siku tano au zaidi kwa wiki walikuwa na siku za mafua pungufu kwa asilimia 43 kuliko wasiofanya karibu kitu chochote. Kwa hiyo usiniambie unaacha kukimbia ili kulinda kinga.

Kupanga kilomita

Anza na pale ulipo kweli, siyo pale unapotamani. Kama mwezi uliopita ulikuwa unakimbia kilomita 20 kwa wiki, wiki hii weka 22, siyo 35 kwa sababu grupu la WhatsApp wameposti 35. Ongeza kidogo kidogo, wengi hutumia asilimia 10 kwa wiki, siyo sheria ya Mungu ila ni breki nzuri, na kila wiki ya nne shusha, yaani ukienda 30, 33, 36 basi inayofuata rudi 25 hivi mwili ujipange. Tangu Alphonce Simbu wa Tanzania achukue dhahabu ya marathoni ya dunia kule Tokyo 2025 kila mtu anataka marathoni nzima, vizuri sana, lakini mtu ambaye hajawahi kumaliza kilomita 10 asijisajili 42 ya miezi miwili ijayo, achukue 21 au ile ya kilomita 5 na aifurahie.

Siku ngumu ziwe mbili kwa wiki, tatu kama una uzoefu, na zisifuatane. Zilizobaki zote taratibu, na taratibu maana yake unaweza kumsimulia mwenzako habari ya mtaani sentensi nzima bila kukata pumzi. Hapa ndo wengi wanaharibu. Mtu anakimbia siku sita kwa wiki zote kwa kasi ya katikati, siyo ngumu ya kumjenga wala siyo nyepesi ya kumpumzisha, mwezi wa pili kachoka, midomo imepasuka, mafua hayaishi. Nenda Iten au Kaptagat kule Kenya ukaangalie wale wanaochukua medali wanavyokimbia siku zao za kupumzika, utashangaa unaweza kwenda nao kilomita mbili tatu mkiongea. Eliud Kipchoge aliyekimbia 1:59:40 kule Vienna 2019 alikuwa akichapa zaidi ya kilomita 200 kwa wiki, na sehemu kubwa taratibu, na mchana alikuwa analala.

Kila asubuhi kabla hujatoka kitandani pima mapigo ya moyo, weka vidole viwili shingoni au kwenye kifundo cha mkono hesabu dakika moja. Baada ya wiki mbili utajua yako ya kawaida. Siku ukikuta yamepanda mapigo matano mpaka kumi, na kesho yake tena, na una hasira za bure na usingizi unakatika katika, hiyo siku ya mbio ngumu igeuze kuwa ya kutembea. Haina maana unaumwa, inawezekana jana ulikunywa au umelala kwenye joto, lakini kupumzika siku moja hakujawahi kumnyima mtu medali.

Usingizi, na hapa sina mjadala

Mwaka 2015 Aric Prather na wenzake kule Marekani walichukua watu wazima 164 wenye afya, wakawapima usingizi wao kwa wiki moja kwa saa ya mkononi, afu wakawadondoshea kirusi cha mafua puani makusudi na kuwafungia hotelini. Waliolala chini ya saa sita walikuwa na uwezekano wa kushikwa mafua zaidi ya mara nne kuliko waliolala zaidi ya saa saba. Mara nne! Hakuna juisi wala kidonge kinachokaribia hapo. Sasa wewe unalala saa sita usiku umetoka kuangalia mechi, unaamka saa kumi kwenda Coco Beach kukimbia na wenzako kabla ya foleni, afu unauliza ule nini kuongeza kinga. Kama umepata usingizi wa saa nne tu, usiende. Rudi ulale, kimbia jioni nusu saa au usikimbie kabisa. Wakati wa kuongeza kilomita, ongeza na usingizi, hata wa mchana dakika 20 kwenye kiti ofisini unasaidia.

Kula kabla, wakati na baada

Kukimbia umbali mrefu ukiwa na njaa kunapandisha kotisoli, homoni ya mkazo, na ndo hiyo inayobana chembe za kinga. Tafiti nyingi zimeonyesha ukila wanga wakati wa mbio hiyo kotisoli haipandi sana. Kwa mbio za chini ya saa moja maji yanatosha. Ukipita dakika 75 hadi 90 weka gramu 30 mpaka 60 za wanga kila saa, na huna haja ya zile jeli za bei mbaya: ndizi mbivu moja ya kawaida ina kama gramu 25, tende chache mfukoni, au soda iliyotolewa gesi ambayo ina kama gramu 10 kila mililita 100. Jaribu kwenye mazoezi kwanza, tumbo lina tabia zake. Ukimaliza, ndani ya saa moja kula, uji wa maziwa, viazi vitamu, chapati maharage, mayai, chochote cha nyumbani chenye wanga na protini. Siku ngumu na siku ya mbio ndefu siyo siku ya kufanya dayati.

Na hilo la dayati nalikazia kwa wanaokimbia ili wapungue. Kupungua sawa, ila ukila kidogo sana huku unaongeza kilomita mwili unaanza kuzima taa za vyumba ambavyo hauvioni vya haraka, homoni zinashuka, mifupa inadhoofika, mafua hayabanduki. Kwa dada zetu dalili ya wazi ni siku zao za hedhi kupotea. Hiyo siyo sifa kwamba umekuwa mwanariadha, ni kengele, muone daktari na uongeze chakula. Madini ya chuma pia angalia: dagaa, maini, maharage, matembele, na chai usiishushie hapo hapo na chakula maana inazuia chuma kufyonzwa, isubiri saa moja.

Vitamini C sasa. Ina ukweli, ila wa watu wachache. Comrades ya mwaka 1990, zile kilomita 90 za Afrika Kusini, waliomeza miligramu 600 kila siku kwa wiki tatu kabla ya mbio waliugua asilimia 33, waliomeza kidonge cha kuigiza kisicho na vitamini asilimia 68. Tafiti tano za namna hiyo zikiunganishwa, za wakimbiaji, wanajeshi na wateleza kwenye theluji, hatari inapungua karibu nusu. Kwa mtu wa kawaida asiye kwenye mateso makali ya mwili haimzuii kuugua. Kwa hiyo ukipenda, wiki tatu kabla ya mbio kubwa tumia, na gramu 100 tu za pera zina zaidi ya miligramu 200, huna haja ya kumeza vidonge vya gramu moja mwaka mzima, dozi kubwa za muda mrefu zinaweza hata kupunguza faida unayoitafuta kwenye mazoezi. Tangawizi, limao, asali, kunywa, vinalainisha koo. Ngao siyo.

Ila kitu kimoja naomba ukiache: kumeza diklofenaki au brufeni kabla ya mbio ili usisikie maumivu. Nieman aliwapima wakimbiaji wa Western States, kilomita 160 kule Marekani, waliokunywa brufeni maumivu yao hayakuwa pungufu kuliko ya wenzao, na damu yao ilionyesha uvimbe zaidi na sumu za bakteria zilizovuja kutoka kwenye utumbo. Na figo nazo, ukiwa umepungukiwa maji kwenye jua, hazipendi kabisa.

Ramadhani kama unafunga, wiki hizo siyo za kujenga spidi. Kimbia taratibu dakika 30 mpaka 45 ukikaribia kufuturu ili maji yawe karibu, au kama lazima ukaze basi saa mbili baada ya futari. Daku usiiruke, na usingizi unaokatwa na daku ulipe mchana.

Wiki ya mbio yenyewe

Fika siku mbili kabla kama mfuko unaruhusu. Osha mikono, usijishikeshike pua na macho, na ile chupa moja ya maji inayozunguka klabu nzima ya jogingi kutoka mdomo hadi mdomo, jamani, kila mtu abebe yake. Taulo pia. Ukimaliza vaa nguo kavu, siyo kwamba jasho likikukaukia linaleta kichomi kama tulivyoambiwa na bibi, kichomi kinaletwa na vijidudu, ila kutetemeka saa nzima kwenye foleni ya medali hakuna faida. Siku tatu zinazofuata hakuna mbio ngumu, hakuna kukesha kusherehekea, na kama nyumbani kuna mtoto anatiririka kamasi mpende kwa mbali kidogo.

Ukishaanza kuumwa

Dalili zikiwa juu ya shingo tu, kamasi, chafya, koo kuwasha kidogo, unaweza kujaribu dakika 10 taratibu. Ukijisikia sawa endelea nusu saa, ukijisikia vibaya rudi nyumbani. Zikishuka chini ya shingo, kifua, kukohoa kwa ndani, mwili mzima kuuma, kuharisha, au ukiwa na homa, hakuna kukimbia. Hapa ndo namrudia yule wa mafua kutoka na jasho. Baadhi ya virusi huweza kuingia kwenye misuli ya moyo ikavimba, na kukaza mazoezi wakati huo kunaweza kuvuruga mapigo hadi mtu kuanguka. Ni nadra, lakini ikitokea haina marudio. Kifua kikiuma, moyo ukirukaruka au pumzi ikikata kwa kazi ndogo, hospitali siku hiyo hiyo. Na usimeze panado ili joto lishuke uende kukimbia.

Kwetu kuna nyongeza ambayo miongozo ya Ulaya haina: homa ni malaria mpaka kipimo kikatae. Usikae siku tatu unasema ni uchovu wa kilomita 25 za Jumapili, nenda kapime, kipimo cha haraka ni dakika 15 hadi 20. Ukikutwa nayo na kupewa dawa mseto maliza siku zote tatu, na imeze na chakula chenye mafuta kidogo au maziwa maana bila mafuta haifyonzwi vizuri. Hata ukijisikia mzima siku ya nne, malaria imekula damu, mpe mwili wiki moja mpaka mbili, anza kutembea, afu jogingi ya dakika 20, na ukiona kilima ulichokuwa unakipanda kirahisi kinakumaliza pima wingi wa damu. Kwa mafua ya kawaida yenye homa, subiri saa 24 tangu joto liishe bila dawa, afu siku za kurudi taratibu ziwe angalau sawa na siku ulizougua. Ulizokosa zimekwenda, usizilipe kwa kuzibana wiki inayofuata.

Wanaotumia ARV wanauliza sana kama wakimbie. Mazoezi ya wastani ni salama na yanawafaa mtu akiwa kwenye dawa na hali imetulia, waongee na kliniki yao kabla ya kuingia umbali mkubwa, na dozi isirukwe kwa sababu ya safari ya mbio.

La mwisho ni kikohozi. Wakimbiaji tunakizoea, tunasema ni vumbi, ni kiyoyozi cha basi. Kikipita wiki mbili usiseme tena ni vumbi, hasa kama kuna jasho la usiku na unapungua kilo. Hapo kwenye kilo ndo mkimbiaji anadanganyika kuliko mtu mwingine yeyote, maana yeye anapungua huku anapongezwa, suruali inapwaya anafurahi tizi limejibu, kumbe ni TB. Vipimo na dawa zake kwenye vituo vya serikali ni bure, peleka makohozi yakapimwe na viatu viweke pembeni mpaka majibu yatoke.